Leta Hesabu: Mwongozo wa Kujibu Tathmini ya Athari za Kanuni

Nchini Kenya, wizara inayotaka kutunga kanuni mpya, au kurudisha ya zamani iliyofikia ukomo, haitakiwi kuiandika leo na kuitumia kesho. Kanuni ikielekea kuwatwika wananchi, au sehemu yao, gharama kubwa, Sheria Nambari 23 ya mwaka 2013 inayosimamia utungaji wa sheria ndogo inaitaka wizara iandae kwanza taarifa ya athari: inataka kutatua nini, kwa njia gani, kwa gharama ya nani na kwa faida ya nani. Kisha iwaulize watu. Mwongozo huu ni wa wale wanaoulizwa: mchuuzi, mkulima, mwenye saluni, mwendesha bodaboda, katibu wa chama cha ushirika. Hoja yake ni moja. Taarifa ya athari ni hesabu, na sehemu ya hesabu hiyo ambayo wizara haiijui vizuri, yaani gharama ya kuitii kanuni, iko kwako. Barua isemayo "tunapinga vikali" huhesabiwa kama kura moja ya kupinga, basi. Barua yenye tarakimu humsukuma afisa ama kubadilisha jedwali lake ama kueleza kwa maandishi kwa nini hakulibadilisha, na maelezo hayo yanaweza kusomwa baadaye na Bunge au mahakama.

Kwa nini serikali hupima

Kodi huonekana. Ikipandishwa, hutajwa kwenye bajeti, hujadiliwa bungeni na hukatwa kwenye hati ya mshahara. Kanuni hutoza kimyakimya. Serikali inapoamuru kila duka liweke kifaa fulani, hakuna shilingi inayopita Hazina, ila shilingi imetoka mfukoni mwa mtu. Ndiyo maana tangu miaka ya 1970 na 1980 mataifa kadhaa yalianza kudai hesabu ya gharama hiyo iliyofichika. Marekani iliipa nguvu Februari 1981, Rais Reagan alipotoa amri kwamba idara za serikali zilinganishe gharama na faida za kanuni kubwa kabla ya kuzitoa. Rais Clinton aliibadilisha amri hiyo mwaka 1993, lakini kiini chake akakiacha. Afrika Kusini ilianza utaratibu wake mwaka 2007, kisha mwaka 2015 ikauondoa na kuweka mwingine unaotilia mkazo athari kwa jamii, hasa kwa maskini. Kenya ililiweka sharti hili ndani ya sheria yenyewe. Tofauti hiyo ina uzito: agizo la kiutawala likipuuzwa unabaki kulalamika, lakini sharti la sheria likipuuzwa una mahali pa kwenda.

Mamlaka yote ya kutunga kanuni ni ya kuazima. Ibara ya 94 ya Katiba inasema hakuna mtu wala chombo, isipokuwa Bunge, chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila kama Katiba au sheria imempa. Waziri anatunga kanuni kwa niaba ya Bunge, na taarifa ya athari ni sehemu ya masharti ya mkopo huo. Ukiisoma kwa jicho hilo, hutaiona kama fadhila ya wizara.

KISANDUKU: Taarifa ya athari lazima iwe na nini

- Malengo ya kanuni na sababu za kuitaka
- Maelezo ya athari zake, pamoja na athari kwa kanuni iliyopo kama inarekebishwa
- Njia nyingine zinazowezekana za kufikia lengo lilelile, zikiwemo zisizohitaji kanuni kabisa
- Gharama na faida za kanuni na za hizo njia nyingine: za kiuchumi, kijamii na kimazingira, pamoja na gharama za kuisimamia na kuitii
- Sababu za kuzikataa njia nyingine
- Nakala ya rasimu yenyewe

Tangazo la taarifa hii hutolewa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na katika gazeti linaloelekea kusomwa na watakaoguswa. Si kila kanuni huidai. Marekebisho ya uandishi, taratibu za ndani na mambo yasiyompunguzia mtu haki wala kumwongezea mzigo yamesamehewa. Kwa hiyo wizara ikisema taarifa haikuhitajika, muulize afisa anategemea msamaha upi.

Sehemu ya kwanza ya kusoma ni tatizo

Wengi hukimbilia adhabu na ada. Anza kabla ya hapo, kwenye sentensi zinazoeleza tatizo, kwa sababu tatizo likielezwa vibaya kila kilichojengwa juu yake kitapinda. Taarifa dhaifu husema: "Kwa sasa hakuna kanuni inayosimamia jambo hili." Hiyo ni kusema tu kwamba kanuni haipo. Tatizo ni madhara: nani anaumia, wangapi, mara ngapi, na ingekuwaje kama serikali isingefanya lolote. Sharti hilo la mwisho, la kupima hali bila kanuni, ndilo huvurugwa zaidi. Ukikuta taarifa inayodai faida ya jambo ambalo watu wangelifanya hata bila kuamrishwa, faida hiyo imehesabiwa bure.

Biashara ya maziwa nchini Kenya inaonyesha hili vizuri. Kwa miaka mingi sera iliwatazama wachuuzi wa maziwa mabichi kama hatari ya kuondolewa, ingawa ndio waliouza sehemu kubwa zaidi ya maziwa yaliyofika sokoni. Hofu ya magonjwa kama brusela ilikuwa ya haki. Kisha mradi wa utafiti wa wafugaji wadogo, ulioendeshwa kati ya 1997 na 2005 na wizara husika pamoja na taasisi za utafiti za KARI na ILRI, ulikusanya ushahidi kutoka mashambani, sokoni na jikoni. Jambo moja lililojitokeza ni lile ambalo mama yeyote angeweza kumwambia afisa, kama angeulizwa: karibu kila nyumba huchemsha maziwa kabla ya kuyanywa. Hatari iliyodhaniwa kumfikia mlaji, kwa sehemu kubwa, ilikuwa ikiuawa kwenye sufuria. Hilo halikumaanisha maziwa yote yalikuwa salama, wala kwamba uchakachuaji haukuwapo. Lilibadilisha swali, kutoka "tuwaondoeje wachuuzi" hadi "tuwasaidieje wayashike maziwa kwa usafi", na kuanzia mwaka 2004 mwelekeo wa serikali ukaanza kugeukia mafunzo na leseni kwa wachuuzi. Palikuwa na kelele za wanaharakati pia, na zilisaidia, lakini kilichowapa maafisa ngazi ya kushukia ni ushahidi.

Safu ya njia mbadala nayo isomwe kwa shaka. Mara nyingi wizara huorodhesha njia tatu: kutofanya lolote, kufanya jambo la kupita kiasi, na rasimu yake. Mbili za mwanzo zimewekwa pale ili ya tatu ionekane ya busara. Tafuta njia ya nne na uiandike wewe: mafunzo, viwango vya hiari, kutangaza matokeo ya ukaguzi hadharani, au kuisimamia ipasavyo sheria ambayo tayari ipo.

Gharama: hapa ndipo kazi yako ilipo

Maafisa huhesabu kwa urahisi kile wanachokipokea, yaani ada. Hawakioni kile unachopoteza ukiwa kwenye foleni. Uholanzi ilikuza njia ya kupima mzigo huu ambayo nchi nyingi zimeiiga, na haihitaji shahada: chukua muda unaotumika, uuzidishe kwa thamani ya muda huo, ongeza unacholipa nje, kisha uzidishe kwa idadi ya watu na mara wanazofanya hivyo kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa kubuni. Rasimu inamtaka kila mchuuzi wa maziwa awe na leseni ya mwaka, atumie mkebe wa aluminiamu badala ya jerikeni ya plastiki, na awe na cheti cha afya cha kila miezi sita. Mchuuzi wetu hupata faida ya shilingi 800 kwa siku na hufanya kazi siku 300 kwa mwaka.

| Kipengele | Shilingi kwa mwaka |
|---|---|
| Ada ya leseni | 2,000 |
| Siku 3 za kuifuatilia × 800 | 2,400 |
| Nauli, safari 4 × 150 | 600 |
| Mkebe wa 6,500, unaodumu miaka 5 | 1,300 |
| Cheti cha afya, mara 2 × 1,000 | 2,000 |
| Jumla | 8,300 |

Sasa ondoa kile ambacho angekilipa hata bila rasimu hii. Kama cheti cha afya tayari anakichukua kwa kutii sheria nyingine, si gharama ya kanuni mpya, hata kama kinauma. Inabaki 6,300. Ukiacha kuondoa gharama za aina hii, afisa akigundua moja tu atayatilia shaka mahesabu yako yote, na atakuwa na haki.

Wachuuzi wakiwa 1,200 katika eneo hilo, gharama ni shilingi 7,560,000 kwa mwaka. Taarifa inayotaja ada pekee itaonyesha 2,400,000, chini ya theluthi. Mchumi wa wizara anaweza kujibu kwamba ada ni pesa iliyohama kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo jamii kwa jumla haijaipoteza. Mkubalie. Siku zilizopotea, nauli na mikebe ni 4,300 kwa kila mmoja, jumla 5,160,000, na hizo hazikuhamia popote. Kilichomo kwenye jibu lake kinaimarisha hoja yako: ile sehemu ya gharama aliyoiacha ndiyo hasara halisi.

Kisha tazama inamwangukia nani. Shilingi 6,300 ni asilimia 2.6 ya mapato ya mwaka ya mchuuzi huyu, yaani 240,000. Kiwanda kinacholipa leseni kama hiyo hakitaihisi. Gharama isiyobadilika na ukubwa wa biashara huwaelemea wadogo kila mara, na wastani wa sekta nzima hulificha jambo hilo. Dai jedwali lililogawanywa kwa ukubwa wa biashara.

Kuna hila nyingine ya kihesabu ya kuangaliwa, nayo ni muda. Gharama huja sasa, faida huja baadaye, na thamani ya shilingi ya kesho hupunguzwa kwa kiwango ambacho mtu fulani amekichagua. Faida ya shilingi milioni 1 itakayopatikana baada ya miaka 20 ina thamani ya takriban 554,000 leo ukitumia asilimia 3, na 258,000 tu ukitumia asilimia 7. Viwango hivyo viwili vilitumiwa Marekani chini ya mwongozo wa mwaka 2003, na kanuni moja iliweza kuonekana njema kwa kimoja na mbaya kwa kingine. Kanuni za mazingira na afya, ambazo faida yake hukawia, huumizwa zaidi na kiwango cha juu. Taarifa ikiwa na faida za miaka mingi bila kutaja kiwango kilichotumika, hilo peke yake latosha kuirudisha.

Hatua za kufuata

1. Pata hati zote mbili, rasimu na taarifa ya athari. Mara nyingi hutangazwa rasimu pekee. Omba taarifa kwa barua, ukitaja Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoipa ofisi siku 21 za kujibu. Usisubiri siku hizo ziishe. Tuma maoni yako ndani ya muda wa tangazo, na useme ndani yake kwamba taarifa uliiomba na bado hujapewa.
2. Chora mstari chini ya kila neno "lazima" na "atatakiwa" katika rasimu. Kila mstari ni gharama ya mtu. Andika pembeni ni nani.
3. Kusanya tarakimu kutoka kwa wenzako, hata kumi tu, wakubwa kwa wadogo. Weka risiti, bei za madukani na muda uliotumika. Eleza ulivyozipata, ili asiyekuamini aweze kuzikagua.
4. Andika ukurasa mmoja au miwili: kifungu unachokizungumzia, gharama yake, hesabu yako, na maneno unayopendekeza yaingie badala yake. Pendekezo la maneno lina nguvu kuliko lalamiko, kwani mwandishi wa rasimu anaweza kulinakili.
5. Wasilisha kabla ya mwisho na uhifadhi ushahidi: nakala iliyopigwa muhuri, au barua pepe yenye tarehe. Ukihudhuria kikao, wasilisha na maandishi pia; maneno ya ukumbini hubaki kwa huruma ya aliyeandika muhtasari.

Kanuni ya zamani inaporudi

Chini ya sheria hiyo ya 2013, kanuni hufa yenyewe ikitimiza miaka 10 tangu kutungwa, isipokuwa ikifutwa mapema au muda wake ukiongezwa. Nyongeza huruhusiwa mara moja tu, isiyozidi miezi 12. Hapo ndipo wananchi wengi hulala, wakidhani kanuni waliyoizoea haina jipya la kujadiliwa. Kwa maoni yangu, ndipo pa kuamka zaidi. Kanuni mpya hupimwa kwa makadirio, lakini ya zamani ina miaka kumi ya kumbukumbu: leseni ngapi zilitolewa, kesi ngapi zilifunguliwa, ukaguzi mara ngapi, madhara yalipungua au hayakupungua. Wizara isiyoweza kusema kanuni yake ilifanya nini kwa muongo mzima haina msingi wa kuomba mwingine. Iulize hivyohivyo. Na angalia usidanganywe na kipimo cha mwanzo: "kutofanya lolote" sasa maana yake ni kanuni kufa. Kwa hiyo gharama ulizozizoea, ambazo hazionekani tena kama gharama, zinapaswa kurudi mezani zote kama za kanuni mpya. Vilevile faida zake, ambazo nazo huwa tumezizoea hadi hatuzioni.

Makosa ya kawaida

Kosa kubwa ni kukuza tarakimu. Chama kinachodai kwamba kila mwanachama atafunga biashara, kisha mwaka upite na hakuna aliyefunga, hakitaaminiwa kwenye rasimu inayofuata. Lingine ni kusambaza barua moja iliyonakiliwa na watu 500 na kuihesabu kama maoni 500. Afisa ataiweka kwenye jalada moja. La tatu ni kukana faida. Mchuuzi asiyekiri kwamba maziwa machafu huua watoto hatasikilizwa atakapoeleza kuwa mkebe ni ghali.

Je, hii si silaha ya matajiri?

Pingamizi hili lina uzito. Kampuni kubwa ina wanasheria na wahasibu, na kila hatua ya utaratibu ni nafasi ya kuchelewesha. Kanuni za Kenya za kudhibiti tumbaku za mwaka 2014 ni mfano: kampuni ya British American Tobacco ilizipinga mahakamani, pamoja na mambo mengine ikidai umma haukushirikishwa ipasavyo, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu, iliyotoa uamuzi Novemba 2019. Miaka mingi kwa kanuni za afya. Lakini kampuni ilishindwa, na mchango wa asilimia 2 ya thamani ya bidhaa za tumbaku ukabaki. Mahakama iliweka pia vigezo vinavyomfaa kila mtu: ushirikishaji uwe wa kweli, usiwe wa kujipamba, ingawa si lazima kila mmoja apewe nafasi ya kujieleza kwa mdomo. Kuondoa utaratibu kusingeinyamazisha kampuni ya aina hiyo, kwa kuwa yenye pesa hupata mlango wa waziri bila tangazo la gazetini. Asiyekuwa na mlango mwingine ni mchuuzi.

Wengine husema uhai wa mtu hauhesabiki kwa shilingi. Ni kweli kwamba si kila kitu kitaingia kwenye jedwali, na taarifa njema hukitaja kwa maneno kile isichoweza kukipima. Ila serikali ikichagua kukagua maziwa na kuyaacha magari ya matatu bila ukaguzi, imeshapima uhai, tena bila kuonyesha mizani. Na kwa wanaohofia dharura: mlipuko wa ugonjwa hausubiri tathmini, na hakuna anayetaka usubiri. Kanuni inayorudi baada ya miaka kumi si dharura. Tarehe yake ilijulikana siku iliposainiwa.

Baada ya kuwasilisha

Kanuni ikishachapishwa, waziri ana siku saba za vikao kuiwasilisha mbele ya Bunge. Isipowasilishwa, inakuwa batili. Kamati inayopitia sheria ndogo ina siku 28 za kutoa ripoti, na Bunge linaweza kuibatilisha yote au sehemu. Basi weka tarehe ya kuchapishwa kwenye kalenda yako. Mwandikie Karani wa Bunge uulize kanuni iliwasilishwa lini, kisha itumie kamati nakala ya maoni yako, jibu la wizara kama lipo, na ukurasa mmoja unaoonyesha ni tarakimu zipi ulizoleta ambazo hazimo kwenye taarifa ya athari. Usitume malalamiko mapya. Tuma yaleyale, yenye muhuri wa tarehe. Wajumbe hupokea mafurushi ya kanuni na hawawezi kusoma kila mstari, lakini pengo lililoandikwa ukurasa na kifungu hulikuta kwa dakika mbili. Muda ukipita na kanuni ikaanza kutumika, bado una haki ya kupeleka ombi bungeni chini ya Ibara ya 119. Na risiti zako usizitupe, kwani kanuni hiyo nayo itafikia miaka kumi.